Kuomba Ruzuku ya Kuanzishia Biashara Ndogo: Mwongozo kwa Mkazi wa Arusha na Moshi

Huku kwetu, kuanzia Ngarenaro na Sakina hadi Majengo na Pasua, maneno ruzuku na mkopo hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu akikuambia kuwa "kuna hela za akina mama zinatoka", ukimfuata hadi ofisi ya kata utakuta mara nyingi ni mkopo wenye ratiba ya marejesho. Ruzuku ni fedha, mashine au huduma ambayo mfadhili hakudai uirejeshe, ila anakudai uitumie kwa kazi mliyokubaliana na uthibitishe kwa maandishi kwamba umefanya hivyo. Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye biashara ndogo, au mwenye wazo ambalo ameshaanza kulijaribu, anayetaka kuomba fedha ya aina hiyo akiwa Arusha, Moshi au wilaya za jirani.

Nitangulize kosa langu mwenyewe, kwa sababu hatua nyingi zinazofuata zimetokana nalo. Mara yangu ya kwanza kuomba, niliandika andiko la kurasa 14 kuhusu unga wa lishe, nikalipamba kwa maneno niliyoyaokota katika maandiko ya watu wengine, na nikaitwa kwenye mahojiano. Swali la kwanza lilikuwa mwezi uliopita nimeuza kilo ngapi. Sikuwa na jibu, kwa maana unga nilikuwa nikiuza, lakini sikuwa nikiandika. Mahojiano yalikwisha kabla ya chai yao kupoa.

Hatua ya 1: Jua unachoomba ni nini

Kabla ya kujaza fomu yoyote, uliza swali moja tu: je, fedha hii inarudi? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo iliwekwa katika sheria ya fedha za serikali za mitaa kwa marekebisho ya mwaka 2018, hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini inarudi. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na Siha, upande wa Kilimanjaro, ni miongoni mwa halmashauri 10 zilizoteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Ukiihitaji, mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Siidharau hata kidogo, na kwa biashara nyingi za mtaani ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote, ila usiiandike katika hesabu zako kama fedha ya bure.

Ipo pia ruzuku ya uzalishaji ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo ni ruzuku ya kweli, lakini huzihusu kaya zilizokwisha kutambuliwa katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Kama kaya yako haimo, usipoteze nauli.

Zinazobaki ni za aina tatu. Ya kwanza ni mtaji mbegu, yaani fedha taslimu anayopewa mjasiriamali mchanga. Ya pili ni tuzo ya shindano la ubunifu, ambapo wachache hushinda kati ya waombaji wengi. Ya tatu ni ruzuku yenye mchango, ambayo mfadhili hutoa sehemu na wewe ukatoa sehemu iliyobaki, kwa fedha au kwa mali. Hii ya tatu huwaangusha wengi, kwa sababu mtu hushangilia barua ya kukubaliwa bila kuona kwamba anatakiwa kuweka chake kwanza ndipo fedha itoke.

Hatua ya 2: Fungua daftari kabla ya kufungua fomu

Mfadhili aliyeko Dar es Salaam, au aliyeko Lagos, hajui kwamba siagi yako ya karanga inapendwa sokoni Kilombero, Arusha. Anachokijua ni kile ulichokiandika. Kwa hiyo anza leo kuandika mauzo, manunuzi na matumizi, na ufanye hivyo kwa miezi isiyopungua mitatu kabla ya kuomba. Daftari la mistari la shule linatosha kabisa, na kwa maoni yangu ni bora kuliko programu ya simu ambayo utaiacha baada ya wiki mbili.

Daftari hilo ndilo litakalokupa gharama halisi ya bidhaa moja, namba ambayo karibu kila fomu huiuliza kwa njia moja au nyingine. Chukua mfano wa mtengenezaji wa siagi ya karanga, kwa bei za kukadiria ambazo wewe utazibadilisha kwa zile za soko lako. Karanga kilo 10 kwa shilingi 4,000 ni shilingi 40,000. Zikikaangwa, kupepetwa na kuchambuliwa, tuseme zinabaki kilo 9, ambazo hutoa makopo 22 ya gramu 400. Makopo 22 kwa shilingi 500 ni 11,000, lebo kwa shilingi 200 ni 4,400, kusagisha ni 5,000, gesi au mkaa ni 4,000, chumvi na sukari ni 1,200. Jumla ni shilingi 65,600, na ukigawa kwa 22 unapata takriban shilingi 2,980 kwa kopo. Ukiuza kopo kwa shilingi 4,500 utapata shilingi 99,000, na kinachobaki ni shilingi 33,400, ambacho bado hakijalipa nauli, kodi ya chumba wala jasho lako.

Angalia ile kilo moja iliyopotea kati ya gunia na kopo. Mtu asiyeandika huigawa gharama kwa kilo 10, anapata faida nzuri ya karatasini, kisha anashangaa kwa nini mtaji unakatika. Mtathmini aliyewahi kushika biashara huiona kasoro hiyo mara moja. Andiko linaloonyesha upotevu na kueleza jinsi mashine bora au kifungashio bora kitakavyoupunguza huwa limekwisha kujibu swali gumu kuliko yote, yaani kwa nini upewe fedha.

Pamoja na daftari, pitisha mauzo yako kwenye akaunti ya benki au namba ya malipo ya simu ambayo ni ya biashara peke yake, isiyochanganyika na michango ya harusi na ada za watoto. Taarifa ya miezi sita ya akaunti hiyo ina nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo.

Hatua ya 3: Kamilisha nyaraka

Sehemu hii ni kazi ya miguu na subira zaidi kuliko akili. Utahitaji namba ya NIDA, na bila hiyo mengine hayasogei. Jina la biashara husajiliwa kwa njia ya mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ada ya msingi ni shilingi 20,000. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato, kwa hiyo mtu anayekudai "ya TIN" mlangoni anajitafutia yake. Wengi huiogopa TIN kwa sababu ya kodi. Ni vyema kujua kwamba katika kodi ya makadirio kwa mtu binafsi, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri yako, nayo ni lazima uitambue kwa jina lake sahihi: Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru ni tatu tofauti, na mkazi wa Tengeru anayejaza fomu kwamba yuko chini ya Jiji amekwisha kuweka taarifa isiyo sahihi katika ukurasa wa kwanza.

Kwa bidhaa za chakula kuna mambo ya ziada: upimaji wa afya kwa wanaoshika chakula, ukaguzi wa eneo la uzalishaji, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, ambalo tangu mwaka 2019 limebeba pia majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Fika kwanza ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973, lina ofisi Arusha na Moshi, na pamoja na mafunzo na mikopo yake, husaidia wajasiriamali wadogo kufuata njia ya TBS kwa barua ya utambulisho. Kama alama ya ubora bado, andika kwamba mchakato umeanza na uambatishe ushahidi. Usiichore alama hiyo kwenye lebo kabla ya kupewa, hata kwa sampuli ya picha tu.

Kikundi kiongeze katiba, orodha ya wanachama, cheti cha usajili na muhtasari wa kikao kilichokubali kuomba, wenye sahihi. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji iombe mapema, kwa sababu siku unayoihitaji ndiyo siku atakayokuwa kwenye kikao.

Hatua ya 4: Tafuta panapotoa kweli

Orodha za "wafadhili 50 wanaotoa ruzuku Tanzania" zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp nyingi zimepitwa na wakati. Zipo ambazo hadi leo zinaitaja miradi ya USAID, ilhali shirika hilo la Marekani lilifungwa mwaka 2025 na miradi mingi iliyolitegemea ikasimama. Kigezo changu ni rahisi: kama tangazo halina tarehe ya mwaka huu katika tovuti ya mtoaji mwenyewe, ninalihesabu kuwa halipo.

Kwa mtu binafsi mwenye biashara changa, programu ya Tony Elumelu Foundation ya Nigeria ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi barani. Hutoa mtaji mbegu wa dola 5,000 usiorejeshwa pamoja na mafunzo, huwapokea waombaji wa nchi zote 54 za Afrika wenye umri wa miaka 18 na zaidi na biashara isiyozidi miaka mitano, na dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Januari na kufungwa tarehe 1 Machi. Kuomba ni bure. Ushindani wake ni mkubwa mno, lakini hata asiyepata fedha hunufaika kwa kulazimika kuandika mpango wake kwa ukamilifu.

Ndani ya nchi, programu ya FUNGUO inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikitoa ruzuku kwa kampuni changa zenye ubunifu, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hufadhili ubunifu na huhusika na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Hizi zinakuhusu ikiwa una kitu kipya, kwa mfano kikaushio cha ndizi kinachotumia jua ulichokiunda mwenyewe. Hazikuhusu ikiwa unataka kufungua genge la tatu katika mtaa wenye magenge mawili, na hakuna lugha tamu itakayoligeuza genge kuwa ubunifu. Baraza la Taifa la Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, NEEC, lina taarifa za mifuko ya uwezeshaji ya serikali, nayo inafaa kusomwa ili kujua upi unatoa mkopo, upi dhamana na upi ruzuku.

Mkulima wa mboga, maua au parachichi afuatilie pia TAHA, jumuiya ya wakulima wa mazao ya bustani yenye makao makuu yake hapa Arusha, kwa kuwa miradi ya wafadhili katika kilimo hicho mara nyingi hupitia kwa jumuiya za namna hiyo badala ya kumfikia mkulima mmoja mmoja.

Ofisi za balozi ni jambo ambalo watu hulielewa vibaya. Ruzuku ndogo za Ubalozi wa Japani, kwa mfano, ni za miradi ya jamii kama madarasa, maji na zahanati, zinazoombwa na asasi zisizo za kiserikali au halmashauri. Saluni yako ya Kiboriloni haiwezi kuingia humo.

Hapa niseme kuhusu matapeli, kwa sababu hutokea hasa katika hatua hii. Mtoaji wa ruzuku hakudai "ada ya kufungua faili", hakuulizi namba ya siri ya simu yako, wala hakuarifu kwa ujumbe wa namba binafsi kwamba umeshinda kitu ambacho hukukiomba. Namba ya aina hiyo iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Wapo pia wanaojiita washauri na kutaka asilimia ya ruzuku mapema. Kumlipa mtu akuchapie na kukuhariria si kosa, lakini anayeahidi kwamba "anajuana na watu kule" anakuuzia upepo.

Hatua ya 5: Soma tangazo kama mkataba

Soma mara mbili, na mara ya pili ukiwa na kalamu. Orodhesha masharti yote: umri, jinsia, sekta, umri wa biashara, aina ya usajili, mkoa, kiwango cha chini na cha juu, vitu visivyolipiwa. Palipo na sharti moja usilolitimiza, acha. Waombaji wengi hukatwa na sharti ambalo walilisoma na kuamini kwamba watahurumiwa, na kazi ya mchujo wa kwanza haina huruma, kwa sababu aghalabu hufanywa na mtu mwenye orodha ya kutia tiki au na mfumo wa kompyuta.

Hatua ya 6: Andika andiko lenyewe

Andika kwanza kwa Kiswahili, hata kama fomu ni ya Kiingereza. Mtu anayefikiri kwa lugha asiyoizoea huishia kuandika maneno makubwa yasiyosema kitu, kama vile kuinua jamii na kupambana na umaskini, mambo ambayo mtathmini ameyasoma katika fomu mia moja asubuhi hiyo. Ukishaeleza vizuri kwa Kiswahili, tafuta anayejua akusaidie kutafsiri, kisha uombe akusomee ili uhakikishe bado ni biashara yako.

Anza na mteja. Taja ni nani, ananunua wapi sasa, kwa bei gani, na kwa nini atahamia kwako. "Soko ni kubwa kwa kuwa Arusha ni mji wa utalii" ni sentensi isiyo na kazi. "Ninauza makopo 60 kwa wiki katika maduka manne ya Njiro na Sanawari, na mawili kati yake yameomba niongeze, lakini siwezi kwa sababu nasagisha kwa mashine ya mtu" ni sentensi inayoonyesha mahitaji, kikwazo na matumizi ya fedha kwa pamoja. Ikiwa biashara haijaanza, fanya jaribio dogo na utoe matokeo yake: ulitengeneza vingapi, vilinunuliwa vingapi, na waliokataa walisema nini. Hiyo ya waliokataa usiione aibu kuiandika.

Kisha bajeti. Kila mstari uwe na kitu, idadi, bei ya kimoja na jumla, na kila bei kubwa iwe na profoma ya muuzaji, yaani ankara ya bei anayoitoa kabla hujanunua. Kwa mashine za usindikaji, Arusha ina bahati ya kuwa na TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma zinazobuni mitambo na zana, na ni busara kuulizia huko na SIDO kabla ya kunakili bei ya mashine ya nje uliyoiona mtandaoni, ambayo haijahesabu usafirishaji wala ushuru wa forodha. Bajeti yenye namba za mviringo tupu, milioni mbili hapa, milioni moja pale, humwambia msomaji kwamba hujafika dukani.

Usiombe kiwango cha juu kwa kuwa kimeruhusiwa. Biashara inayouza shilingi laki tatu kwa mwezi ikiomba milioni 12 italazimika kueleza itazimudu vipi, ilhali ikiomba milioni mbili na nusu za mashine na vifungashio, hesabu inajieleza. Tenga pia kitu kwa ajili ya kufunga umeme, mafunzo ya kutumia mashine na matengenezo, maana nimeiona zaidi ya mashine moja iliyofunikwa turubai kwa kukosa waya wa njia tatu.

Malizia kwa kueleza nini kinaweza kwenda kombo. Karanga hupanda bei kati ya msimu na msimu, na zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Mwombaji anayelitaja hilo na kusema atanunua lini, atakausha na kuhifadhi vipi, anaaminika kuliko anayedai kwamba hakuna hatari.

Hatua ya 7: Tuma mapema, na uelewe saa

Skani nyaraka zote steshenari kwa ubora unaosomeka, zipe majina yanayoeleweka, na uzihifadhi pia katika barua pepe yako mwenyewe. Tumia barua pepe ambayo neno lake la siri unalo wewe, wala si ya kijana wa steshenari, kwa sababu majibu yatakuja huko.

Kuhusu muda wa mwisho, saa zetu huwaponza watu. Saa 23:59 ya Lagos ni saa 7:59 usiku kwa Kiswahili, kwa kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa mbili, lakini fomu ya mtoaji aliye hapa nchini itakayoandika 23:59 inamaanisha saa 5:59 usiku. Tuma siku tatu kabla, na hesabu hiyo yote haitakuhusu, wala umeme ukikatika hautakuhusu. Hifadhi picha ya ukurasa unaothibitisha kwamba ombi limepokelewa.

Hatua ya 8: Mahojiano na ziara

Rudi kwenye daftari. Ujue kwa kichwa mauzo ya mwezi uliopita, gharama ya bidhaa moja, na kitu cha kwanza utakachonunua. Wakija kukutembelea, wakute kazi ya kawaida ya siku hiyo. Kupanga majirani wavae aproni kwa saa mbili ni maigizo, na wageni wa kazi hiyo wameyaona mengi.

Ukikataliwa, andika kwa adabu kuomba sababu. Wengine hawajibu, lakini jibu moja la mistari mitatu linaweza kukusaidia kulirekebisha andiko kwa dirisha linalofuata.

Hatua ya 9: Fedha ikiingia

Soma mkataba kabla ya kusaini, hasa kipengele cha awamu za malipo, kwa maana mara nyingi awamu ya pili hutegemea taarifa ya awamu ya kwanza. Fedha hiyo isiingie kwenye akaunti ya familia hata kwa usiku mmoja. Ukihitaji kubadilisha matumizi, kwa mfano mashine imepanda bei, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kununua, kwani ukiomba baada ya kununua utahesabiwa kuwa umekiuka mkataba hata kama nia ilikuwa njema.

Kwa kila manunuzi dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Pale ambapo muuzaji hana mashine ya EFD, kama mama anayekuuzia karanga Mbuyuni, andika hati ya malipo yenye tarehe, kilo, bei, jina lake, namba yake ya simu na sahihi au dole gumba. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia, na baada ya miezi michache katika chumba chenye joto hubaki karatasi nyeupe, kwa hiyo zitoe kopi siku ileile, ubane kopi na risiti pamoja, na uandike juu yake namba ya mstari wa bajeti inayohusika.